Nahesabu baraka zangu kila usiku, mbona moyo hautulii?

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kwa aibu, maana shida yangu si ya kuonewa huruma. Nina mume, nina watoto wawili wenye afya, nina ajira, na nyumbani kwetu hakuna anayelala na njaa. Nikianza kujieleza kwa mtu, naona usoni mwake anajiuliza: sasa huyu analia nini?

Dada yangu mkubwa, mtu wa imani ambaye namheshimu sana, aliniona nimenyong'onyea akaniletea daftari. Akaniambia kila usiku kabla ya kulala niandike mambo kumi ya kumshukuru Mungu, na nikifanya hivyo bila kukosa nitaona furaha inarudi. Mwanzoni nilifurahia. Niliandika kuhusu wanangu, afya yangu, kazi, wazazi wangu ambao bado wako hai. Baadaye nikajikuta naandika yale yale: uzima, watoto, kazi, nyumba. Siku nyingine nakwama kwenye la sita, nimeshika kalamu huku nasinzia, kisha najazia chochote ili yatimie kumi. Nikilifunga lile daftari najisikia vibaya kuliko nilipolifungua. Najiambia: mwanamke mzima umekosa hata mambo kumi ya kushukuru?

Halafu kuna la nyumbani. Natoka kazini hoi, nikifika nyumbani ndipo zamu ya pili inaanza: kupika, kufua, masomo ya watoto, maandalizi ya kesho. Mume wangu si mtu mbaya. Hanipigi wala hatapanyi pesa, ila akishaoga na kula, yeye ni simu na televisheni mpaka usiku. Siku ninazochelewa watoto huchukuliwa shuleni na wifi yangu, hilo limeshakuwa la kawaida. Lakini mzigo wa ndani ya nyumba ni wangu peke yangu. Nikijaribu kusema, mume ananijibu, "Shukuru. Wangapi wanaitafuta ndoa kama hii?" Dada naye ananiambia kunung'unika kunafukuza baraka, niwafikirie waliolazwa hospitalini na wanaolala nje. Nikiwafikiria nawalilia wao, kisha najilaumu mimi, na uchovu wangu uko palepale.

Juzi mfanyakazi mwenzangu alipandishwa cheo. Nilimpongeza kwa mdomo, moyoni nikawaka. Hapo ndipo nilipoogopa. Shangazi, je, nimeumbwa bila shukrani? Niendelee na hili daftari au niliache? Na ipo kweli njia ya kushukuru inayomletea mtu furaha, au ni maneno tu?

Ni mimi,
Niliyechoka Kuhesabu

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kuna jambo nililitafuta humo nisilione. Mumeo anakuambia ushukuru. Dada yako anakuambia ushukuru. Wewe mwenyewe unajiamuru kila usiku ushukuru. Lakini sikuona hata mahali pamoja ambapo mtu amekuambia wewe asante. Unapika, unafua, unakaa na watoto kwenye masomo yao, unaamkia kazini, na katika yote hayo hakuna aliyesimama akasema, "Nimeona ulichofanya." Hilo nitalirudia, kwa sababu naona ndipo maumivu yako yalipo. Ila umeniuliza kuhusu daftari, tuanze nalo.

Daftari usilitupe. Punguza idadi, na uache kuandika kila usiku.

Mwaka 2003 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao ndio umewafanya watu wengi waanze kushika madaftari kama lako. Waliwagawa wanafunzi wa chuo kikuu katika makundi. Kundi moja waliandika mambo wanayoyashukuru, jingine waliandika kero zao, jingine matukio ya kawaida tu. Walioandika shukrani walijiona wana maisha mazuri zaidi kuliko wenzao na waliitazama wiki inayokuja kwa matumaini makubwa zaidi. Sasa sikiliza masharti waliyopewa: waandike mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, na mambo yasizidi matano. Yaani mwenye mawili aliandika mawili, akaweka kalamu chini. Mtafiti mwingine, Sonja Lyubomirsky, alilinganisha watu walioandika mara moja kwa wiki na walioandika mara tatu. Waliopata nafuu ni wale wa mara moja. Wa mara tatu hawakuonyesha badiliko. Jambo jema likigeuzwa kuwa hesabu ya kukabidhi kila jioni, moyo hujitoa mapema, unabaki mkono peke yake ukiandika.

Na lile la kukwama kwenye la sita kisha kujiona huna shukrani, nalo lina maelezo yake. Mwaka 1991 Norbert Schwarz na wenzake waliwataka baadhi ya watu wakumbuke mara 6 walizowahi kusimama imara na kudai haki yao, na wengine wakumbuke mara 12. Ungedhani aliyekumbuka nyingi atajiona jasiri zaidi. Ilikuwa kinyume. Waliotakiwa kutaja 12 walijiona waoga kuliko wenzao, kwa sababu kuzitafuta kuliwatoa jasho, nao wakauchukulia ule ugumu kama ushahidi juu yao. Wewe umekuwa ukifanyiwa jaribio hilo hilo kila usiku, na kila usiku unajihukumu. Kukwama kwenye la sita si dalili ya roho mbaya. Mtu yeyote aliyechoka angekwama hapo.

Tatizo la pili la orodha yako ni kwamba umeandika vichwa vya habari bila habari zenyewe. "Uzima, watoto, kazi, nyumba." Kweli ni neema kubwa, lakini binadamu huzoea. Kilichokutoa machozi ya furaha siku ya kwanza, baada ya muda kinakuwa sehemu ya ukuta, unapita bila kukiona. Ndivyo tulivyo sote, na kurudia jina la kitu hakukirudishii upya wake. Kinachourudisha ni kuangalia kwa karibu: leo, saa hii, nani alifanya nini, na kwa nini.

Hiyo "kwa nini" ishike sana. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwapa watu zoezi la wiki moja: kila usiku andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri siku hiyo, na pembeni ya kila moja andika limetokeaje. Walipofuatiliwa miezi 6 baadaye, waliofanya hivyo walikuwa bado na furaha zaidi na huzuni kidogo kuliko walivyokuwa mwanzo, hasa wale walioendelea kwa hiari baada ya wiki kuisha. Utaniambia hawa waliandika kila usiku. Ndiyo, ila kwa wiki moja tu, mambo matatu madogo, na walitakiwa kufikiri badala ya kujaza nafasi. Ukiuliza jambo jema limetokeaje, mara nyingi utamkuta mtu nyuma yake. Ukishamkuta mtu, shukrani inakuwa na pa kwenda.

Na hapa nataka turudi kwa wifi yako.

Umemtaja kwa sentensi moja, kisha ukasema hilo limeshakuwa la kawaida. Mwanangu, hebu simama hapo kidogo. Kuna mtu mzima ambaye, siku unazochelewa, anaacha shughuli zake, anatembea mpaka shuleni, anasimama langoni, anawashika mkono watoto ambao hakuwazaa, anahakikisha wamefika salama. Wewe unamaliza kazi yako bila mshtuko wa moyo kwa sababu yake. Katika kurasa zote za daftari lako, jina lake limo? Silisemi hili kukuongezea hatia, hatia unayo ya kutosha. Nakuonyesha mahali furaha ilipojificha.

Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake walijaribu njia ambayo naipenda kuliko kuhesabu. Waliwataka watu wafikirie jambo jema maishani mwao kana kwamba halikutokea. Watu waliokuwa na wapenzi, walioandika jinsi ambavyo wangeweza wasikutane kabisa, waliridhika na uhusiano wao kuliko walioandika jinsi walivyokutana. Jaribu kwa wifi yako. Fikiria anaishi mbali. Fikiria mmegombana hamsemeshani. Umechelewa kazini, simu ya shule inaita, na hakuna wa kumpigia. Kaa na picha hiyo kwa muda, kisha kumbuka kwamba yeye yupo.

Halafu mwambie. Usiishie kwenye daftari. Watu wetu wengi huogopa hapa. Tunaambizana kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tukaukubali usemi huo mpaka tukawanyima watu wema neno lao. Wengine huona haya tu: nitaanzaje, ataniona naigiza. Amit Kumar na Nicholas Epley waliwaomba watu waandike barua za shukrani, wakakisie mpokeaji atajisikiaje, kisha wakawauliza wapokeaji wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Waandishi walidhani wapokeaji wataona haya kuliko walivyoona, na walikadiria furaha yao chini sana kuliko ilivyokuwa. Kwa hiyo haya unayoihisi isikuzuie, kipimo chake si sahihi.

Mwambie kitu mahususi. "Wifi, asante kwa kila kitu" ni maneno mazuri, ila husikika mara moja yakapita. Mwambie hivi: "Wifi, siku zile ninapochelewa, nikikumbuka kwamba wanangu wapo pamoja nawe, mwili wote unapoa. Sijawahi kukuambia, na nimekuwa nikipokea kama haki yangu. Asante." Basi. Usikimbilie kuuliza utamlipa nini, wala usimbebee zawadi papo hapo ili mtoshane. Ukilipa haraka hivyo umeifanya fadhila yake kuwa deni. Mwache aipokee asante yako na wewe ubaki na furaha ya kuwa na mtu kama huyo. Nafasi ya kumtendea wema itakuja yenyewe.

Kwa hiyo daftari lako liwe hivi: chagua siku moja ya wiki ambayo hujachoka sana. Andika moja, au mawili, yasizidi matatu. Kila jambo lipewe mistari kadhaa: nani, alifanya nini, kwa nini unadhani alifanya, na ingekuwaje asingefanya. Juma lisilo na la kuandika, liache wazi bila kujitetea. Na angalau mara moja moja, ulichoandika kimfikie mhusika kwa mdomo wako.

Sasa nije kwenye lile la "wafikirie wanaolala nje". Dada yako anakupenda, silitilii shaka, lakini ushauri huu sikubaliani nao. Kumtazama aliyelazwa hospitalini ili mimi nijisikie nafuu ni kuyafanya mateso yake kuwa dawa yangu. Yeye hapati chochote, na mimi sijamshukuru mtu yeyote, nimejilinganisha tu. Kama moyo wako unawalilia wagonjwa, siku ukiwa na nguvu nenda kawatembelee. Lakini mguu wako unaouma hauponi kwa kuambiwa kuna aliyekatwa mguu.

Anasema pia kwamba kunung'unika kunafukuza baraka. Kwa kuwa ni mtu wa imani, nitamjibu kwa imani. Zaburi ya 13 inaanza na Daudi akimuuliza Mungu mpaka lini atamsahau, nayo inaishia kwa wimbo wa kumsifu kwa ukarimu wake. Malalamiko na shukrani, kinywa kimoja, zaburi moja. Katika Kurani, sura ya 12, Nabii Yaqub aliyempoteza mwanawe anasema anamshitakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, naye ni mfano wa subira njema. Hakuna aliyewaita hawa watovu wa shukrani. Kusema "hapa panauma" kuna nafasi yake katika maisha ya mtu anayeshukuru. Nasema ni sharti hasa, kwa sababu aliyezibwa mdomo asiseme kinachouma, hata asante yake inatoka ikiwa imekauka. Ndicho kinachokupata usiku.

Kwa hiyo mume. Unaweza kumshukuru kwa yale anayoyafanya vizuri, na umeyataja kwa haki: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Lakini kutopiga na kutotapanya pesa hakuoshi vyombo. Mgawanyo wa kazi za nyumbani ni suala la haki kati ya watu wawili wazima, na halitatuliwi kwa wewe kushukuru zaidi. Ungeandika baraka mia, kesho nguo zingekuwa bado zinakusubiri wewe.

Mtafute wakati ambao hamjagombana wala hamjachoka sana. Usianze na "wewe hunisaidii kamwe", hapo atajitetea na mtaishia palepale. Mwambie siku yako ilivyo, saa kwa saa, kwa utulivu. Huenda hajawahi kuiona ikiwa imepangwa mbele yake namna hiyo. Kisha omba mambo mawili yanayoeleweka: kwa mfano, masomo ya watoto yawe yake jioni zote za kazi, na siku fulani jiko liwe lake. Akikuambia "shukuru", mjibu kwa upole, ila usirudi nyuma: "Nashukuru kuwa na wewe, na nimechoka. Yote mawili ni kweli. Leo nazungumzia kuchoka." Na umwambie wazi kwamba unatamani kusikia asante kutoka kwake. Usione kuwa hilo ni kuomba sifa. Mwaka 2010 Sara Algoe na wenzake waliowafuatilia wapenzi siku kwa siku waliona kwamba mmoja akihisi shukrani kwa wema mdogo wa mwenzake, uhusiano wao siku inayofuata unaonekana mzuri zaidi machoni pa wote wawili. Hiyo haiwezi kuwa kazi ya mke peke yake. Watoto nao wafundishwe. Kila anayenyanyuka mezani aseme asante kwa aliyepika, na baba awe wa kwanza.

Kuhusu aliyepandishwa cheo, usiogope. Moyo uliwaka, mdomo ukapongeza. Ulichokifanya ndicho kinachohesabika. Kuwaka kule kunakuambia kwamba na wewe unataka kusonga mbele kazini, hamu ambayo huenda umeizika chini ya kazi za nyumbani. Muulize mkuu wako unahitaji nini ili ufikiriwe awamu ijayo.

Nimebakiza jambo moja, na nalisema nikiwa na wasiwasi juu yako. Uliandika kwamba dada yako alikuona umenyong'onyea hata kabla ya daftari. Mazoezi ya shukrani yanasaidia, lakini nguvu yake ni ya kiasi. Mwaka 2021 David Cregg na Jennifer Cheavens walikusanya tafiti 27 za mazoezi haya kwa ajili ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na wasiwasi, wakakuta nafuu yake ni ndogo, na wakashauri wenye dalili hizo watafute tiba nyingine. Kwa hiyo jichunguze kwa ukweli. Kama kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, umekuwa na huzuni au hakuna kinachokufurahisha, na pamoja na hayo usingizi au hamu ya kula imebadilika, unashindwa kukaza fikra, unajiona huna thamani, basi nenda ukaonane na daktari au mshauri wa afya ya akili. Na kama limewahi kukujia wazo kwamba ni afadhali usingekuwepo, usingoje wiki mbili ziishe, nenda leo. Unaumwa, hujakosa imani. Ukiona uzito kwenda peke yako, mwombe dada yako akusindikize. Aliyekuletea daftari kwa sababu alikuona umenyong'onyea, hilo hatakukatalia.